Tangazo la Chanjo ya Mbuzi

Mimi ni diwani wa kata moja huku Hanang, na haya niliyataka mwenyewe. Nilibandika tangazo la chanjo ya mbuzi kwenye ukuta wa ofisi ya kata, kwa uji mzito wa mahindi maana gundi iliisha. Kupita nyumba kwa nyumba niliona ni kazi ya wakati wa kura. Kesho yake karatasi haikuwepo. Nikabandika ya pili, nayo ikaondoka. Kwenye kikao cha madiwani Katesh nikajisifu kwamba wananchi wangu wana kiu ya taarifa mpaka wanabeba matangazo nyumbani. Nilipigiwa makofi.

Siku ya chanjo nilibandika ya tatu, nikasimama na daktari wa mifugo hadi saa sita. Hakuja mtu. Akapita mama mmoja mzee na mbuzi wake. Bila hata shikamoo, nikamfokea, "Ninyi hamsomi matangazo?"

Alimtazama mbuzi wake mmoja aliyesimama kwa miguu ya nyuma, akiitafuna karatasi yangu ukutani.

"Hawa wameshasoma, mheshimiwa," akasema. "Tumebaki sisi."