Mama Aliulizwa Ana Watoto Wangapi

Jamani, mama aliulizwa swali jepesi kuliko yote, akalijibu vizuri, na jibu hilo likamnyang'anya nyumba yake.

Tulieni niwasimulie, maana mkosaji ndiye anayeandika hapa.

Mama alikuwa na miaka sabini na sita. Miguu mibovu, ulimi mkali, akili zote kichwani. Kaka, mwanawe wa kwanza, alitaka kuiuza nyumba. Mama akakataa katakata, akasema humo atatoka amebebwa.

Kaka akaenda mahakamani. Akadai mama hajui tena afanyalo, kwa hiyo yeye apewe usimamizi wa mali. Hakimu akaagiza mama apimwe akili.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Dada, mwanawe wa pili, anaishi mbali, na Kaka alidai eti hataki lawama.

Daktari alikuwa kijana mpole, faili lake mezani. Akamuuliza tarehe, mama akaitaja. Akampa maneno matatu ayashike, mama akayarudisha yote, na akamwambia kalamu yake inavuja. Moyoni nikasema, leo Kaka ataumbuka.

Ndipo daktari akauliza, "Mama, una watoto wangapi?"

"Watatu."

Akaangalia faili. Kaka alikuwa ameandika wawili. Akauliza tena, taratibu, kwa nia njema kabisa. Mama akasema ni watatu, na wa tatu ndiye huyu aliyemleta.

Daktari akanigeukia. "Wewe ni nani yake?"

Hapo ndipo nilipoharibu.

Aliyenizaa ni mdogo wake mama. Alifariki nikiwa bado natambaa, huyu akanichukua, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuniita mtoto wa marehemu mle ndani.

Lakini Kaka alishasambaza maneno kwamba nanyemelea urithi. Nikaogopa kuonekana mwenye tamaa. Nikajifanya mkweli kuliko wakweli.

"Mimi ni mtoto wa mdogo wake, daktari. Yeye amezaa wawili."

Akaandika. Mama aliniangalia tu. Kisha akajiinua kitini mwenyewe, akakataa mkono wangu.

Ripoti ikatoka: hawatambui warithi wake, hawezi kuamua juu ya mali.

Nikalia kwa wakili wa msaada wa bure mpaka akaomba hakimu amhoji mama mwenyewe. Siku mbili nilimfundisha kama mtoto wa chekechea. Mama, ukiulizwa sema wawili. Wawili tu, nyumba ibaki. Akawa anaitikia "haya" huku akichambua mchele.

Siku ikafika. Hakimu akauliza lile lile.

"Watatu," akasema mama.

Hakimu akamwambia asiwe na haraka, afikiri vizuri.

"Nimefikiri, mheshimiwa. Huyu alijikana mwenyewe kwa daktari, shauri yake. Mimi mama yake simkani."

Nikasimama kueleza, machozi yananitoka. Hakimu akaniuliza kama ninayo karatasi yoyote ya kuasiliwa. Sina. Kisha akafungua ripoti na kunisomea maneno yangu mwenyewe.

Nikakaa.

Nyumba iliuzwa ndani ya mwezi. Mama yuko kwenye makao ya wazee ng'ambo ya mji, na Kaka ndiye anayeamua hata nani amwone. Mara ya kwanza nilipokwenda, mlinzi alitazama orodha yake, akaniambia wanaoruhusiwa ni watoto tu.

Nikamwambia mimi ni mwanawe. Akaniangalia kwa huruma, akasema wengi husema hivyo.

Siku hizi nikifika hapo, huacha sabuni na mafuta ya kujipaka pale getini. Sijui kama vinamfikia.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu aliyekulea, usingoje daktari akuulize ndipo uanze kupima maneno. Mwite mama yako mbele za watu, hata wakikusema vibaya. Mimi niliogopa kusemwa, na bado wananisema.