Hasira ya Mchungaji

Mwaka wangu wa pili wa uchungaji pale Wusi, katika miaka ya hamsini, nilimfukuza baba yangu mlangoni. Mtoto wangu alikuwa hoi kwa homa. Baba, ambaye hakuwahi kubatizwa, alileta kibuyu cha pombe ya miwa ili ateme funda chini, aitoe hasira aliyokuwa nayo juu yangu, ndipo amwombee mjukuu wake. Ndivyo sisi Wataita tulivyofanya siku zote, tukiamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta maradhi nyumbani. Nikamwambia huo ni ushenzi, asiulete nyumbani kwa mchungaji.

Akaniuliza taratibu, "Na wewe yako huitemea wapi, mwanangu?"

Nikamfungia mlango. Jumapili nilihubiri juu ya msamaha, ngumi nimezikunja ndani ya kanzu. Baada ya ibada mzee wa kanisa alinishika mkono kwa furaha.

"Mchungaji, leo umehubiri kwa moto wa Roho."