Mbegu ya Tope

Kazi yangu ni kufuga bakteria. Nikisema hivyo nyumbani, mdogo wangu wa mwisho huuliza kama nao wanapigwa chapa. Tangu wazazi watutoke nimelea mengi: kuku, wadogo zangu wanne, na ng'ombe wachache wa mama. Shule niliiachia kidato cha pili. Sasa natunza mtambo wa majitaka wa kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi, nje ya mji wa Geita, na sijaona mifugo isiyodeka kama hii. Wape hewa tu. Chakula chao kinatoka vyooni na jikoni.

Hewa hupulizwa na mashine chini ya tangi, tope likatokota bila moto. Likiwa na afya huwa la kahawia, linanuka udongo uliopata mvua ya kwanza. Kisha maji hufyonzwa kupitia nyuzi laini, mfano wa tambi zenye tundu katikati. Kuta zake hupitisha maji na kuwarudisha bakteria kazini. Yanayotoka hushuka bondeni, wanakokunywa ng'ombe wa kijiji chetu. Wa kwetu wakiwamo.

Asubuhi moja nilikuta povu jeupe limepanda mpaka kwenye ngazi. Nikalinusa tope. Lilinuka dawa, kama wodi iliyotoka kupigwa deki. Nikaenda kwa mama anayesimamia usafi.

"Shikamoo mama. Jana mmemwaga nini kwenye mifereji?"

"Marahaba. Klorini. Hujasikia wanavyosema kuna kipindupindu huko machimboni? Tumemaliza pipa zima. Kila choo, kila sinki. Kidudu gani kitapona hapo?"

"Hakuna aliyepona, mama. Wangu wote wamekufa."

Akashika kifua. "Wako kina nani?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akaegemea ndoo. "Yaani mwanangu unaweka matanga ya vijidudu!"

Aliacha kucheka nilipomtajia bonde.

Kwenye bomba la kutokea maji yalikuwa maangavu kama ya mvua, na mtu angeweza kudanganyika. Nyuzi zilikuwa nzima. Lakini nyuzi huchuja, hazili. Uchafu ulioyeyuka ulikuwa unapita wote. Mhandisi wetu, dada mmoja mpole, alikwisha kuyapima na kuifunga valvu ya kuelekea bondeni.

"Valvu ya bondeni ibaki imefungwa," alisema. "Yaende kwenye bwawa la akiba."

"Na bwawa likijaa?"

"Litamwagikia huko huko bondeni. Kwa hiyo hatuwangoji waliobaki wazaliane. Tunakwenda kuomba mbegu."

Neno hilo lilinirudisha jikoni kwa mama. Kibuyu chake cha maziwa hakikuguswa na sabuni. Mabaki ya jana ndiyo yaliyogandisha maziwa ya leo. Mdogo wangu mmoja aliwahi kukisugua kwa sabuni ya unga, akajisifu kuwa kimetakata. Maziwa yakakataa kuganda, yakaoza tu, hadi nilipokwenda kwa jirani na kikombe.

Tukapata tope la kahawia kwenye kambi nyingine upande wa Ushirombo, mapipa manane. Tope hai likifunikwa hukosa pumzi, basi nilikaa nyuma ya gari nikilikoroga kwa ubao, mapipa wazi.

"Dada, watu wanauliza tumebeba nini," dereva alipaza sauti tuliposimama Katoro.

"Waambie mtindi."

Mama mmoja akaja mbio na jagi. "Nipimie lita mbili." Upepo ukageuka. Akarudi nyuma, akanitazama kwa huruma. "Mtindi wa kwenu huo, mwanangu, mmeulaza tangu lini?"

Tukaumimina mtindi wetu tangini, tukaongeza hewa. Yule mama wa usafi alifunga mafulio ya kambi ili maji yapungue, akawaambia wanaume waoge kwa ndoo, wakamnung'unikia. Kila asubuhi alipita kwangu. "Wagonjwa wako wameamkaje?"

"Wamekunywa uji kidogo, mama."

Bwawa lilizidi kupanda. Sikuwa na shaka na tope. Shaka yangu ilikuwa ukingo. Ulipobaki shibiri moja, povu jeupe lilianza kupasuka, chini yake nikaona kahawia. Nikainama. Udongo. Mvua ya kwanza.

Nilimwita mhandisi. Akapima, akarudia kupima, akanipa ufunguo wa valvu. "Fungua wewe."

Nikafungua. Yakashuka maji ya tangini kwanza. Ya bwawani tuliyarudisha mtamboni kidogo kidogo, yaliwe upya.

Jioni ng'ombe walirudi kutoka bondeni midomo ikidondosha maji. Nikakamua. Mdogo wangu wa mwisho akauliza kama mifugo yangu ya kazini imepona.

"Imepona. Lete kibuyu."

"Nikioshe?"

Wenzake watatu wakamzomea kwa pamoja.