Tisa Tupu

Mwaka 2013 mume wangu alipatwa na kiharusi tukiwa Kibondo. Mkono na mguu vililala, kichwa kikabaki kizima. Akalazwa hospitali ya Kabanga, na mimi nikarithi hesabu yake.

Jamani, hesabu gani ile! Alikuwa anatafuta kipeuo cha pili cha mbili, tarakimu laki moja baada ya nukta, kwa kompyuta kuukuu yenye kisogo kikubwa, ya shule tuliyokuwa tukifundisha. Alipenda kusimulia kwamba kompyuta za mwanzo zilijaza chumba kizima, na watu walizikeshea wakisubiri namba kama hii isiyo na mwisho. Akataka ya kwetu nayo ijaribu, huku huku Uha. Nilimwambia ana wazimu. Lakini kitandani hakuuliza kingine: "Mama watoto, imefika wapi?"

Umeme wetu ulikuwa wa jenereta la mji. Likazima, na hesabu ya wiki nzima ikapotea yote. Nililia kwa hasira, nikapanda basi kwenda kumwambia.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Iagize ihifadhi kwenye diski kila inapopiga hatua. Umeme ukirudi, itaendelea ilipoishia."

Nikafanya hivyo. Kila asubuhi kabla ya vipindi niliiwasha, nikaiombea. Nilishajiwekea moyoni kwamba ikimaliza, naye atapona. Ujinga mtupu, najua.

Ikamaliza. Ili kuihakiki nikaizidisha kwa yenyewe, kama alivyonielekeza. Ikiwa sahihi, jibu ni moja nukta tisa tisa tisa, tisa tupu mpaka karibu na tarakimu ya laki moja, wala halifiki mbili. Darasani, mwanafunzi akiuliza mbona halifiki, mume wangu alikuwa anang'aka: "Ng'o! Halifiki leo, halifiki kesho!"

Zilikuwa tisa tupu. Nikacheka peke yangu, nikachapa, nikabeba rundo la karatasi mpaka Kabanga.

Muuguzi alinisimamisha mlangoni. "Pole, mama. Jana kiharusi kimempiga tena."

Alikuwa macho. Nikakishika kidole chake, nikakipitisha juu ya zile tisa. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Mbona haifiki mbili?" aliuliza kwa upole, kama mtoto wa kidato cha kwanza.

Nilisubiri acheke. Lo, nilisubiri.

"Ongeza kidogo, dada," akasema. "Itafika."

Nikamwambia nitaongeza.