Miwani ya Chumbani

Fundi cherehani mmoja aliivunja miwani yake mwenyewe, mbele ya umati, kwa kisigino cha kiatu chake. Nabii wa kanisa lake alikuwa amemwambia, "Mama, anayeamini havai miwani." Watu wakalipuka kwa vigelegele, naye akalia kwa furaha, maana kwa dakika chache aliona kila kitu kinang'aa. Yalikuwa ni machozi tu, lakini nani angethubutu kumwambia?

Haukupita muda, sura yake ikabandikwa kwenye chupa za mafuta ya macho. Zilinunuliwa kama njugu pale mlangoni pa kanisa, na yeye mwenyewe, mjane wa watu, akatoa pesa yake akanunua. Hawakumpa hata moja ya bure! Ukungu machoni ulipozidi hakumlaumu Nabii. Alijilaumu yeye, kwamba imani yake ni haba.

Kazi ikaanza kumponyoka. Alishona mikono ya magauni nje ndani, akajidunga vidole, wateja wakahamia kwingine. Binti yake akamletea miwani mingine kimyakimya. "Mama, vaa tu. Mungu hana ugomvi na miwani." Akaivaa, ila chumbani, mlango umefungwa kwa komeo, kama mtoto anayelamba sukari kwa kujificha.

Asubuhi moja mlango ukagongwa. Akaivua haraka, akaisukuma chini ya vitambaa, akaenda kufungua. Akaingia mwanamke kamshika mkono mtoto wake mdogo, mkono wa pili ana chupa.

"Shikamoo, mama. Ni wewe wa kwenye chupa?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Huyu mwanangu macho yanafifia. Daktari kasema apasuliwe kesho, akichelewa ndiyo basi tena. Nikasema ngoja kwanza nimuulize mwenyewe. Kweli unaona, mama?"

Fundi aliwaza kanisa zima likimpa kisogo. Kisha akawaza jambo baya zaidi: huenda akikiri kwa mdomo kwamba anaona, ndipo macho yake yatapona.

"Naona, mwanangu."

"Basi hospitali siendi!" Mwanamke akamkumbatia, akatoka akiimba.

Fundi akarudishia mlango. Akaivuta miwani, akaivaa, akachungulia dirishani. Mtoto alikuwa barabarani anapapasa hewani, anatafuta upindo wa nguo ya mama yake, anaukosa, anautafuta tena. Fundi akakimbilia mlangoni, na mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, akakumbuka miwani usoni. Majirani wangemwona. Akaivua kwanza.

Alipotoka, barabara nzima ilikuwa vivuli vinavyopishana. "Mama mtoto!" aliita. "Mama mtoto, rudi!" Spika za kanisa zilikuwa zimeshaanza kunguruma kule kona, na hakuna kivuli kilichogeuka.