Gari la Baba Mkwe Lilipotiwa Maji

Baba mkwe wangu hakupenda binti yake aolewe na fundi gari, ingawa yeye mwenyewe alizeekea kwenye grisi. Labda ndiyo sababu. Alikuwa dereva wa daktari mmoja wa kigeni aliyekaa Sumbawanga miaka mingi, na daktari aliporudi kwao alimwachia gari lake la starehe. Lilikuwa gari dogo la michezo la Kijerumani, milango miwili, injini nyuma, limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na mbuzi. Pale mtaani kwake Mazwi watoto waliliita Kobe.

Injini yake haikuwa na maji hata tone. Ilipozwa kwa upepo tu, feni kubwa ikipuliza juu ya vyuma. Mzee alilisifia hilo kuliko mbio zake. "Gari hili halina kiu," alikuwa akisema. Kila alipomaliza mlima alisimama, akafungua nyuma, akagusa bati la juu ya injini kwa kiganja, akasikiliza kidogo, kisha akafunga na kuendelea. Alifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini.

Halafu pistoni moja ikatoboka na kuharibu kila kilichokuwa karibu nayo. Nilitafuta spea Mbeya, nikaagiza watu waulizie Dar es Salaam, hakuna kitu. Kobe akalala uani chini ya turubai, masika mawili yakapita juu yake. Mzee naye akaacha kutoka. Mke wangu akaniambia, "Baba anaisha pale nyumbani. Wewe ni fundi, mtafutie njia."

Nikaenda Jumapili baada ya misa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, injini kama ile haitapatikana. Lakini ipo ya Kijapani ambayo pistoni zake zimelala vilevile. Inaweza kuingia. Ila ni ya maji."

Aligeuka kulitazama turubai. "Maji yatakaa wapi?"

"Rejeta ya kuyapoza itakaa mbele, kwenye buti. Mabomba yatapita chini ya sakafu mpaka nyuma."

"Kwa hiyo utalikata."

"Nitalikata, baba."

"Likate nisipokuwepo," akasema, akaingia ndani.

Kazi ile ilichukua miezi saba, na sijawahi kufanya kazi kwa moyo namna ile. Nilitaka kumwonyesha kuwa binti yake hakupotea. Nilikata bati la mbele kwa grenda ili upepo uifikie rejeta. Nilichonga bamba la chuma la kuunganisha injini ngeni na gia boksi ya zamani. Kilichonishinda ni hewa. Mabomba yale marefu yalipanda na kushuka chini ya gari, na kila nilipojaza maji, hewa ilijificha mahali fulani ndani yake, na penye hewa maji hayazunguki, injini huchemka. Niliitoa, ikarudi. Mwisho nikaona mshale wa joto umetulia, nikaridhika. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Ufipa inakata masikio, na upepo wa mwezi ule ungepoza hata sufuria ya ugali. Nilijua sijalijaribu mlimani siku ya jua. Nikajiambia litazoea.

Siku ya kumkabidhi nilimwonyesha kila kitu: feni mpya, geji, chupa ya maji ya rejeta niliyoiweka nyuma karibu na injini, na mfuniko wake. Mteja mwingine yeyote ningemwambia hivi: ukifungua hiki kikiwa cha moto, kitakubabua uso. Lakini kwetu mkwe huongea na baba mkwe akiwa ameinamisha macho. Nikasema, "Na hapa, baba, injini ikiwa na moto, si vizuri sana kufungua."

Si vizuri sana. Utadhani nazungumzia mtu kuingia na viatu sebuleni.

"Nimeendesha magari kabla hujazaliwa," akanijibu. Nikasema ndiyo, baba.

Miezi mitatu alilifurahia kwa namna yake. Alilalamika kwamba mlio si ule, lakini alitoka tena, akanyoa ndevu, akaenda sokoni bila shughuli yoyote. Mwezi wa kumi, jua kali na mvua bado, aliniomba nimsindikize Msanzi kumsalimia dada yake. Kwenye mpando mmoja mrefu mshale ukaanza kupanda. Kabla sijapata maneno ya kumwambia apunguze mwendo, ulishafika mwisho. Mvuke ukatoka nyuma. Akasimama pembeni ya lami.

Yeye alishuka kwanza. Mimi nilikuwa nimeinama nikitafuta dumu la maji ya kunywa nyuma ya kiti. Nilipotoka, alikuwa amekwisha kufungua nyuma, amegusa kama alivyozoea, na ameshika mfuniko wa chupa kwa kitambaa chake cha mkononi. Aliuzungusha taratibu.

Palihitajika neno moja tu: acha! Sijawahi kusikia mtu akimwambia baba mkwe wake "acha". Nikasema, "Baba, samahani, naomba—"

Maji yakamrukia usoni na kifuani.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye changarawe kama mtu aliyechoka, shati limemgandia, ngozi ya shingo imeanza kuachia. Nilimmwagia dumu lote la maji ya kunywa. Lori la maharage likasimama, wakatubeba mpaka Sumbawanga. Njia nzima nilimshika kiwiko, mahali pekee palipokuwa salama kushika.

Siku ya pili watoto wake walikusanyika hospitalini kando ya kitanda chake. Macho yake yalifungwa bandeji, midomo imevimba. Shemeji yangu mkubwa akaniuliza mbele ya wote, "Kwani hukumwambia?"

Kabla sijajibu, mzee akasema, "Aliniambia. Alinikataza mara mbili. Ni ukaidi wangu."

Nilisimama miguuni pake nikanyamaza. Hakuwa akiniona. Hakuna aliyenitazama kwa hasira tena, na nikahisi unafuu, unafuu wa mwili kabisa, kama mtu aliyetuliwa gunia. Siku ya kumi na moja akafariki. Makaburini shemeji alinishika mkono, akasema, "Pole. Mzee alikuwa mbishi." Nikajibu, "Ndiyo."

Nyumbani habari ile ikawa hivyo. Watoto wangu wakiwa wabishi, mke wangu aliwaambia, "Mtakufa kwa ukaidi kama babu yenu." Nilisikia hilo miaka miwili.

Mchana mmoja alikuwa anachambua maharage uani, akalisema tena. Watoto walipoondoka nikamwambia, "Baba yako hakukatazwa mara mbili. Hakukatazwa hata mara moja. Nilimwambia si vizuri sana. Na nilijua kwamba mabomba yana hewa."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Alikuambia unyamaze?"

"Hapana. Alisema vile tu."

"Miaka miwili," akasema, "umeniacha namsema vibaya baba yangu mbele ya wanangu."

Akaweka ungo chini, akatoka nje ya lango. Alirudi jioni, akapika, akaniwekea chakula. Hakuondoka, na hajawahi kupaza sauti juu ya jambo hilo. Lakini aliwaambia kaka zake. Yule mkubwa alikuja gereji, akakataa kiti nilichomsogezea.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, shemeji."

Alinitazama kidogo, akageuka. Kobe walikuwa wamekwisha kumuuza kwa mtu wa Mbeya, kwa hiyo hapakuwa na kitu kingine cha kuzungumza.

Krismasi mke wangu huwachukua watoto na kwenda kwao. Huniachia chakula kwenye hotipoti na kuniambia watarudi saa ngapi. Sijaambiwa nisiende. Sijaalikwa pia.