Nilianzisha mtandao wa utafiti wa mavazi, kisha nikazima sauti ya grupu

Wakuu, salamu kutoka Lushoto, ukungu haujatuachia tangu juzi. Ninayoandika ni kweli tupu, na mengi yananichafua mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Nikaingiwa na wazo: tuunde mtandao wa kutafiti mavazi yasiyoharibu mazingira wala kumnyonya anayeyashona. Mafundi, wauza mitumba, na mama wachache ambao bado wanajua kutia nguo rangi kwa magome ya miti.

Nikafungua grupu la WhatsApp. Watu kumi na tisa, admini mimi.

Nikajiona profesa, jamani!

Shida ikawa moja, wakajaza salamu. Mmeamkaje, mahindi yameota, mtoto anaumwa. Nikaona wananipotezea muda, nikazima sauti. Nikawa naingia, natupia ajenda, natoka.

Tegemeo letu lilikuwa Bi Mwanaidi wa Vuga. Rangi yake ya kahawia haichuji, na anayeijua ni yeye tu. Nikamwomba anirekodie maelezo. Akacheka: "Mwanangu, njoo kwanza tusalimiane. Haya hayafundishwi kwa simu."

Nikaahidi Jumamosi. Zikapita Jumamosi tatu.

Siku ya mkutano wa kwanza nikapanga viti, nikachemsha chai. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Nikafungua grupu niwape vidonge vyao.

Ndipo nikaona. Jana yake binti wa Bi Mwanaidi aliandika kwamba mama amefariki, mazishi kesho. Ujumbe uliofuata chini yake ni wangu: "MSISAHAU SAMPULI ZA VITAMBAA. MUDA UZINGATIWE."

Na huku kwetu mnajua, wakuu, msiba hauna udhuru.

Nikakimbilia bodaboda. Nimefika Vuga wameshazika. Mtandao wangu mzima upo chini ya turubai. Nikatoa pole, wakaitikia, lakini hakuna aliyesogea nikae.

Binti yake akaniletea kitambaa cha kahawia. "Alikuwekea. Kila Jumamosi alikuwa analoweka magome, anasema leo fundi atakuja."

Nililia mbele za watu, sikuona aibu.

Grupu bado lipo. Siku hizi kila asubuhi nasalimia. Hajibu mtu. Kitambaa kipo hapa kwenye cherehani, na sijui kilitiwaje rangi.

Nilidhani salamu zinachelewesha kazi. Kumbe kwa wale watu kazi ilikuwa inaanzia hapo.

Kama kuna aliyewahi kukosa msiba akasamehewa, aniambie alianzia wapi. Andikeni tu, hata matusi. Sauti nimeshaiwasha.